Nyuzi 3 zisizotabiriwa na modeli yoyote: uchambuzi wa kisa cha mwelekeo wa wiki katika majira ya kuchipua

Kisa chenyewe

Hiki ni kisa cha mwelekeo wa hali ya hewa wa siku saba uliotolewa katika nusu ya kwanza ya Aprili na ofisi ya kanda moja iliyoko latitudo za kati, kaskazini mwa ikweta. Majina ya kanda, ya ofisi na ya watu wote yameondolewa, na mwaka hautajwi. Wahusika wakuu ni wawili: mtabiri wa zamu aliyeandika mwelekeo huo, na katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa matufaha waliousoma. Kuna na wa tatu, jedwali linalotengenezwa na kompyuta na kuingia moja kwa moja kwenye simu za watu, ambalo hakuna aliyelihesabu kuwa mhusika hadi maua yalipokwisha kufa.

Nimekichagua kwa sababu sayansi ilifanya kazi yake. Baridi iliyoharibu mashamba ilionekana kwenye modeli, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa ijayo, siku tano kabla haijafika. Hata hivyo yapo mashamba yaliyolala bila kinga usiku huo, na wenye mashamba hayo walikuwa wamesoma utabiri wa ofisi hiyo hiyo.

Usuli: Machi ya joto, maua ya mapema

Kanda yenyewe ni bonde la mto lenye miteremko pande zote mbili. Mashamba ya zamani yako chini kabisa, penye udongo wa kina na maji ya karibu. Mashamba mapya yako kwenye mteremko. Kituo rasmi cha kupimia hali ya hewa kiko kwenye uwanja wa ndege, juu ya kiinuko kilicho wazi, na namba za kituo hicho ndizo zinazoonekana kwenye kila utabiri wa kanda.

Ofisi ilikuwa ikitoa habari zake kwa njia tatu. Ya kwanza ni maelezo ya maandishi ya mtabiri, kila Jumatatu asubuhi. Ya pili ni jedwali la kompyuta: namba ya joto la juu, namba ya joto la chini, na picha ya jua, wingu au mvua kwa kila siku. Ya tatu ni ujumbe mfupi kwa makundi maalumu kama wakulima na wasimamizi wa barabara, unaotumwa pale tu mtabiri anapoona haja.

Machi ilikuwa ya joto. Mtufaha ukishamaliza usingizi wake wa majira ya baridi hauhesabu tarehe, huhesabu joto linalokusanyika siku hadi siku, kwa hiyo mwanzoni mwa Aprili miti mingi ilikuwa imefungua maua mapema kuliko wakulima walivyozoea. Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye viwango ambavyo wataalamu wa matunda wanavitumia. Kichipukizi cha tufaha kinachoonyesha ncha ya kijani tu kinahitaji karibu nyuzi 8 chini ya sifuri ndipo kimoja kati ya kumi kife. Ua likishafunguka kabisa, nyuzi 2.2 chini ya sifuri kwa nusu saa zinatosha kuua moja kati ya kumi, na nyuzi 3.9 chini ya sifuri huua tisa kati ya kumi. Kupoteza ua moja kati ya kumi si hasara, maana mti hubeba maua mengi kuliko matunda unayoweza kukuza na mkulima mwenyewe huja kuyapunguza. Kupoteza tisa ni kupoteza mwaka. Kati ya hali hizo mbili kuna pengo la nyuzi 1.7 tu.

Mfuatano wa aina hii, joto la mapema kisha baridi ya ghafla, haukuanzia hapa. Mashariki na katikati mwa Marekani uliharibu mazao mengi Aprili 2007, baada ya Machi ya joto sana. Ufaransa uliwakumba wakulima wa zabibu na matunda mwezi Aprili 2021, siku chache tu baada ya joto la mwisho wa Machi kupita nyuzi 25 sehemu nyingi.

Ieleweke pia kwa nini wiki za majira haya ni ngumu kutabiri. Mwanzoni mwa Aprili jua hufika juu angani sawasawa na mwanzoni mwa Septemba, kwa hiyo ardhi inapashwa vizuri mchana. Huko Aktiki, eneo la ncha ya kaskazini ya dunia, kwa upande mwingine, ndiyo kwanza giza la miezi mingi limekwisha, na barafu ya bahari imetoka tu kufikia upana wake mkubwa wa mwaka. Joto na baridi ya kutosha vipo kwa wakati mmoja, havipo mbali sana, na mkondo wa upepo wa juu unaovitenganisha umeanza kulegea. Mkondo uliolegea hupinda. Ukipinda kidogo, hewa ya kaskazini hupita kando. Ukipinda sana, humwagika yote kusini, na mara nyingine kipande cha hewa hiyo hukatika na kuzurura peke yake kwa siku kadhaa. Kwa hiyo swali la mtabiri wa Aprili mara nyingi haliwi kama baridi ipo. Huwa ni itapita wapi.

Jumatatu: makundi mawili na namba moja

Asubuhi hiyo mgandamizo mkubwa wa hewa ulikuwa baharini upande wa magharibi, na mgandamizo mdogo kaskazini mashariki. Iwapo ule mkubwa ungenyanyuka kuelekea kaskazini, kati yake na ule mdogo kungefunguka njia ya upepo kutoka Aktiki hadi kwenye bonde. Iwapo ungebaki chini, upepo ungeendelea kutoka magharibi na kuja na mawingu.

Vituo vikubwa vya utabiri haviendeshi modeli mara moja tu. Tangu Edward Lorenz alipoonyesha mwaka 1963 kwamba tofauti ndogo sana mwanzoni huweza kukua na kubadili kila kitu mbele ya safari, ilijulikana kwamba jibu moja la siku ya tano lina mipaka. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa masafa ya kati kilianza mwaka 1992 kuendesha makadirio mengi kwa pamoja, kila moja likianza na hali iliyotofautiana kidogo na nyingine, na leo makadirio hayo ni zaidi ya 50. Yakikubaliana, mtabiri anasema kwa uhakika. Yakitawanyika, anajua ajizuie.

Kwa usiku wa kuamkia Jumamosi makadirio hayakutawanyika tu, yaligawanyika. Takriban saba kati ya kumi yaliweka mawingu na upepo mwepesi, joto la chini likiwa nyuzi 5 au 6. Matatu kati ya kumi yaliweka anga safi, hewa kavu na upepo uliokufa, joto bondeni likishuka hadi nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri. Katikati hapakuwa na kitu.

Sasa tazama kompyuta ilichofanya. Ilichukua saba zile na tatu hizi, ikazichanganya, ikatoa wastani. Chukua nyuzi 5.5 mara saba, toa 2.5 mara tatu, gawanya kwa kumi: unapata nyuzi 3 na kidogo. Nyuzi 3 ndizo zilizoandikwa kwenye jedwali la Jumamosi, na kando yake, kwa kuwa mchana wa siku hiyo ulionekana mkavu, ikakaa picha ya jua.

Hakuna kadirio hata moja lililosema nyuzi 3.

Mtabiri wa zamu aliliona hilo na akaamua kutolifuata jedwali katika maelezo yake. Aliandika kwamba usiku wa kuamkia Jumamosi una njia mbili: ya mawingu, ambayo ina nafasi kubwa zaidi na haina hatari kwa maua, na ya anga safi, yenye nafasi ya takriban tatu kati ya kumi, ambayo italeta baridi ya kugandisha maeneo ya chini. Akamalizia kwa sentensi ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote katika waraka ule: ofisi itatoa taarifa mpya juu ya usiku huo mmoja Jumatano saa 6 mchana.

Uamuzi huo haukupita bila ubishi. Msimamizi wake alikumbusha kwamba majira yaliyotangulia walitoa tahadhari ya baridi siku nne kabla, baridi haikuja, na wakulima walichoma mafuta bure. Alipendekeza wasubiri Jumatano ndipo waseme. Hoja yake ilikuwa ya kweli, kwa sababu tahadhari zisizotimia hula imani ya watu. Mtabiri alijibu kwamba pampu iliyokaa tangu mwaka jana haifufuliwi kwa siku moja, na kwamba mtu akiambiwa tatu kati ya kumi hajaambiwa awashe, ameambiwa akague. Walikubaliana neno “tahadhari” lisitumike, ila uwezekano utajwe kwa namba.

Juu ya jedwali hawakufika mbali. Utaratibu wa ofisi haukumruhusu mtabiri kubadilisha kwa mkono siku zilizo mbele ya siku ya tatu. Aliuliza, akajibiwa kwamba jedwali ni la watu wa kawaida na wakulima wana maelezo yao. Nyuzi 3 na picha ya jua vikaenda kama vilivyo.

Jumatano: mizani inageuka

Jumanne haikuleta jipya. Jumatano asubuhi vipimo vya maputo ya hali ya hewa, ndege na setilaiti kutoka upande wa bahari vilionyesha mgandamizo mkubwa ukinyanyuka kaskazini kwa kasi kuliko modeli nyingi zilivyodhani. Makadirio yakahama. Saa 6 mchana, kama ilivyoahidiwa, taarifa mpya ilitoka: baridi ya kugandisha bondeni sasa ina nafasi ya saba kati ya kumi.

Kwenye jedwali, hesabu ile ile ya kuchanganya ilishusha namba kutoka 3 hadi 0. Picha ya jua ilibaki. Msomaji wa jedwali peke yake aliona kwamba Jumamosi itakuwa na jua na asubuhi baridi kiasi, na hapakuwa na alama yoyote ya kumwonyesha kuwa namba ya juzi imebadilika, wala kwa nini.

Katibu wa ushirika alisoma maelezo, akapiga simu ofisini. Mazungumzo yao yaliandikwa kwenye daftari la zamu, na yanastahili kunukuliwa.

“Mtaalamu, nipe jibu moja. Tuwashe au tusiwashe?”

“Bwana katibu, jibu la kuwasha nitakupa Ijumaa alasiri, kwa sababu kabla ya hapo nitakuwa nabahatisha. Leo nakuomba ujaze matangi na kila pampu iwashwe japo robo saa.”

“Na tukijaza kisha isije?”

“Utakuwa na dizeli ndani ya tangi, haijapotea.”

Katibu aliitisha wanachama jioni ile ile. Hoja aliyoipeleka kwao ilikuwa ya hesabu. Gharama ya kulinda shamba kwa usiku mmoja, alisema, ni sehemu ndogo sana ya mavuno yanayolindwa. Kama ni moja ya kumi, basi kulinda kuna faida kila mara uwezekano wa baridi unapozidi moja ya kumi, hata ukijua kwamba mara nyingi utakuwa umelinda bure. Wengi walikubali. Pampu zilijaribiwa, na mbili zilikutwa mbovu. Moja ilitengenezeka kabla ya Ijumaa, na ya pili ilifungwa kipuri cha muda.

Wachache, hasa wenye mashamba ya chini yasiyo makubwa, hawakuhudhuria. Walikuwa wanatazama simu zao.

Ijumaa: hewa kavu

Alhamisi ukingo wa hewa baridi ulipita kama ulivyotarajiwa, kwa mvua iliyochanganyika na mawe madogo, na upepo ukageuka kutoka kaskazini.

Ijumaa alasiri mtabiri hakuwa tena na shaka ya baridi. Kilichomsumbua ni ukavu wa hewa. Kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikishuka hadi hapo unyevu wake huanza kutona juu ya majani, kilikuwa kimeporomoka hadi nyuzi 6 chini ya sifuri. Kilikuwa na maana mbili, na zote mbaya.

Kwanza, usiku wenye unyevu hujizuia wenyewe. Umande ukianza kutona hutoa joto, na kasi ya kupoa hupungua. Hewa ikiwa kavu namna hii, joto hushuka bila breki hadi chini ya kiwango kinachoua maua, na hakuna barafu nyeupe inayoonekana kumwonya mtu.

Pili, vinyunyizio. Wakulima hulinda maua kwa kuyamwagia maji usiku kucha, kwa sababu maji yanapoganda hutoa joto: kilo moja ikiganda hutoa kilojuli 334 hivi. Lakini kilo hiyo hiyo ikigeuka mvuke hunyonya takriban kilojuli 2,500, zaidi ya mara saba. Hewa kavu hunywa maji kwa pupa. Mkulima akisubiri kipimajoto kisome sifuri ndipo afungue maji, dakika za mwanzo maji hayo yatapoza ua hadi chini ya sifuri, na anaweza kuliua kwa mkono wake mwenyewe. Kipimo cha kutazama ni kipimajoto kilichovishwa kitambaa kilicholowa, kwa sababu hicho husoma joto ambalo ua lililoloa litalipata. Kwa ukavu wa siku ile, kipimajoto cha namna hiyo kingefika sifuri wakati hewa ya kawaida ingali kwenye nyuzi 3.

Hapo ndipo mtabiri alipofanya uamuzi ambao ninauona ni wa thamani kuliko yote ya wiki hiyo. Aliacha kutuma namba ya joto la chini peke yake. Saa 10 jioni alituma ujumbe mfupi: kiwango cha umande ni nyuzi 6 chini ya sifuri, anzeni maji hewa ikiwa bado nyuzi 3, msizime hadi barafu iyeyuke yenyewe baada ya jua kutoka, wenye feni wasiwashe kabla upepo haujatulia.

Usiku wa kuamkia Jumamosi

Mawingu ya mchana yaliyeyuka jua lilipozama. Hadi saa 3 usiku upepo wa kaskazini ulikuwa bado unatembea bondeni na joto lilishuka polepole. Saa 4 upepo ulikufa. Kuanzia hapo hewa baridi, ambayo ni nzito, iliteremka kwenye miteremko na kujikusanya chini. Saa 6 usiku vipimajoto vya mashamba ya bondeni vilisoma sifuri. Saa 10 alfajiri vilisoma nyuzi 3 chini ya sifuri, na kabla tu ya jua kutoka, vile vya chini kabisa vilikaribia 3.5 chini ya sifuri. Kituo cha uwanja wa ndege, juu ya kiinuko chake, hakikushuka chini ya nyuzi 1.

Waliofungua maji mapema, kwa ujumbe ule wa saa 10 jioni, waliamka na miti iliyovikwa barafu angavu na maua mazima ndani yake. Mashamba ya mteremko yenye feni yalifanya vizuri kuanzia saa 4, kwa sababu hewa ilipotulia, tabaka lililokuwa mita 10 hadi 15 juu ya ardhi lilikuwa na joto zaidi kuliko la chini, na feni zilipata kitu cha kushusha. Mkulima mmoja aliyewasha feni tangu magharibi alipoteza saa za mafuta tu. Upepo ulikuwa tayari unachanganya hewa na hapakuwa na tabaka la joto la kuvutwa.

Shamba lenye pampu ya kipuri cha muda ndilo lililoumia kuliko yote. Lilianza kwa wakati, pampu ikakata saa 8 usiku, na maji yaliyobaki juu ya maua yakaendelea kukauka kwenye hewa kavu. Maua yake yalikufa mengi kuliko ya jirani ambaye hakuwa amemwagia hata tone.

Na wale wa jedwali. Asubuhi walitembea mashambani, hawakuona weupe wowote kwenye majani, petali zilikuwa nyeupe na waridi kama jana. Mmoja alimwandikia katibu kumshukuru Mungu kwamba baridi haikuja. Ilipofika mchana mshauri wa kilimo alipita, akachuma ua, akalipasua kwa ukucha katikati, pale sehemu ndogo ya kijani inapopaswa kuwa, ile inayogeuka kuwa tunda. Ilikuwa kahawia. Akachuma lingine, na lingine tena.

Uchambuzi

Baada ya tukio, lawama ya kwanza iliyosikika ni kwamba ofisi ilisema tatu kati ya kumi na baridi ikaja, kwa hiyo ilikosea. Hili nalikataa kabisa. Utabiri wa uwezekano haupimwi kwa usiku mmoja. Hupimwa kwa kukusanya siku zote ambazo ofisi ilisema tatu kati ya kumi, kisha kutazama kama tukio lilitokea karibu na tatu kati ya kumi. Ukitaka alama ya siku moja, kipo kipimo alichokieleza Glenn Brier mwaka 1950: chukua uwezekano uliotajwa, toa 1 kama tukio limetokea au 0 kama halikutokea, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe. Alama ndogo ndiyo nzuri. Maelezo ya Jumatatu yanapata 0.49, ya Jumatano 0.09. Jedwali la Jumatatu, ambalo kwa msomaji wake lilisema hakuna baridi, linapata 1, ambayo ndiyo alama mbaya kuliko zote zinazowezekana. Data zilikuwa zile zile, kompyuta ile ile, siku ile ile.

Kosa kubwa basi lilikuwa kwenye wastani. Wastani ni mzuri pale makadirio yanapozunguka namba moja, na siku nyingi huwa hivyo, ndiyo maana hakuna aliyelalamika kwa miaka. Makadirio yakigawanyika pande mbili, wastani hutua mahali ambapo hali ya hewa haitafika. Ni kama kuambiwa wastani wa kina cha mto ni magotini, nawe unataka kuvuka penye shimo. Majira ya kuchipua ndiyo majira ambayo mgawanyiko huu hutokea mara kwa mara, kwa sababu ya mkondo wa juu uliolegea niliouelezea, kwa hiyo kasoro hii hujificha hadi wakati ambao maua yako wazi.

Kosa la pili ni la mahali. Hata kama jedwali lingekuwa sahihi, lilikuwa sahihi kwa uwanja wa ndege. Tofauti ya usiku ule kati ya kiinuko na chini ya bonde ilizidi nyuzi 4, na pengo la kati ya hasara ndogo na maangamizi ni nyuzi 1.7. Mkulima wa bondeni anayesoma namba ya kiinuko bila kuirekebisha yuko gizani hata akiwa na utabiri bora kuliko wote duniani. Ushirika ulikuwa na vipimajoto vyake tangu zamani. Hakuna aliyewahi kukaa kulinganisha usomaji wake na wa kituo kwa usiku wa anga safi, kazi ambayo ingechukua jioni chache na daftari.

Juu ya msimamizi aliyetaka kusubiri, sitaki ahukumiwe kwa matokeo. Hofu yake ya tahadhari za bure ni hofu ya kila ofisi ya utabiri, na angekuwa na haki kama chaguo lingekuwa kutoa tahadhari au kunyamaza. Njia ya tatu waliyoipata, kutaja uwezekano na kutaja saa ya taarifa inayofuata, ilitatua ugomvi wao wenyewe. Ahadi ile ya Jumatano saa 6 ilifanya jambo ambalo namba haiwezi kufanya: iliwapa watu sababu ya kurudi kusoma. Mwelekeo wa wiki husomwa Jumatatu na kusahaulika, wakati siku ya tano ya Jumatatu si siku ile ile ikifika Jumatano. Utabiri umeboreka sana, kwa takriban siku moja kila miaka kumi, maana yake utabiri wa siku tano wa leo una ubora wa utabiri wa siku nne wa muongo uliopita. Hata hivyo siku ya tano ingali ni siku ya tano.

Hesabu ya katibu nayo ingekuwa sahihi hata baridi isingekuja. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi walimsifu baadaye kwa “kubahatisha vizuri”. Kizingiti chake kilikuwa moja ya kumi, na tangu Jumatatu uwezekano ulikuwa umekipita. Angeweza kuanza kukagua pampu siku hiyo hiyo badala ya Jumatano, na huenda ile pampu ya pili ingepata kipuri chake halisi. Maelezo ya Jumatatu yalimfikia, lakini hayakusema wazi kwamba tatu kati ya kumi ni sababu tosha ya kukagua mitambo. Mtabiri aliisema sentensi hiyo kwa msimamizi wake, ndani ya ofisi. Kwenye waraka haikuwemo.

Ujumbe wa Ijumaa ulifaulu kwa kuwa uligusa kitendo: washa lini, kwa kipimo gani, zima lini. Udhaifu wake ni kwamba ulifika kwa waliojiandikisha tu, na wengi wa waliojiandikisha ni wale wale waliohudhuria mkutano.

Kilichobadilishwa

Majira yaliyofuata ofisi ilirekebisha jedwali. Makadirio yakigawanyika katika makundi mawili yaliyo mbali, namba moja haionyeshwi. Zinaonyeshwa namba mbili, kila moja na uwezekano wake, na picha ya jua huondolewa kwa usiku ambao mojawapo ya makundi iko chini ya sifuri. Mtabiri amepewa ruhusa ya kubadilisha jedwali kwa mkono hadi siku ya sita. Kila mwelekeo wa Jumatatu kuanzia Machi hadi Mei hutaja kiwango cha umande kinachotarajiwa na usiku mmoja wa kuangaliwa, au husema wazi kwamba wiki hiyo hakuna.

Ushirika nao ulilinganisha vipimajoto vyake na kituo na kuchora ramani ya mashamba kwa nyuzi za kupunguza: hili toa 2, lile toa 4. Ramani hiyo imebandikwa kwenye chumba cha pampu. Jambo moja halijapata ufumbuzi. Programu za simu zinazochukua data moja kwa moja kutoka modeli za kimataifa bado zinaonyesha namba moja ya wastani, ofisi ya kanda haina mamlaka juu yake, na wakulima wengi wa mashamba ya chini ndizo wanazofungua kwanza asubuhi.